Karanga Kwenye Kikombe cha Kijani

Ilipofika saa mbili na robo asubuhi Inspekta alikuwa amekwishapiga chafya kumi na moja, na jalada lilikuwa bado halijafunguliwa. Kituoni walimwita Chafya akiwa hayupo, naye alijua, na hakuwahi kumkataza mtu. Vumbi la majalada lilikuwa adui yake tangu alipopewa meza. Alimeza kidonge chake, akaifuta meza kwa kitambaa kibichi badala ya kuikung'uta, kama alivyofundishwa na daktari, ndipo akalifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi nne tu. Jana, Jumanne, saa nne asubuhi, msichana wa miaka mitano alikunywa uji katika shule ya chekechea. Kabla hajaumaliza akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, pumzi ikawa shida, akakimbizwa hospitali. Mtoto huyo ana aleji kali ya karanga na shule nzima inajua. Hupikiwa uji wake peke yake, kwa unga wake, katika sufuria yake, na huunywa kwa kikombe cha kijani ambacho mtoto mwingine hakigusi. Hospitali ilipima mabaki. Kwenye kikombe cha kijani palikuwa na karanga. Kwenye sufuria kubwa ya watoto wengine themanini hapakuwa na chochote.

"Sasa hapo unatafuta nini?" Mkuu wa kituo aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na chai yake mkononi. "Watoto themanini na mmoja, halafu karanga zimfuate yule yule asiyetakiwa kuzila. Zina macho?"

"Hazina, Mkuu."

"Basi aliyezitia anayo. Mpishi tunaye ndani tangu jana jioni. Jikoni kwake haingii mtu. Wiki mbili zilizopita aligombana na mama wa mtoto, walimu wakisikia. Mama ameandika malalamiko na kutia sahihi. Saa kumi jalada liwe kwa mwendesha mashtaka. Kumpa mtoto sumu kwa makusudi."

"Karanga si sumu."

"Kwa yule ni sumu."

Hapo Mkuu alikuwa amesema kweli. Kilichomkera Inspekta ni wepesi wa kesi yenyewe. Katika miaka yake ya kazi, kila aliyetaka kumdhuru mwenzake alijiachia kinjia cha kutorokea, japo kidogo. Huyu alikuwa amejifungia jikoni mwenyewe, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

Akaagiza mpishi aletwe.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpana, mwenye mikono ya kubeba masufuria. Watoto walimwita Shangazi Mwiko. Aliketi, akaitazama meza ilivyong'aa, akaonekana kuikubali.

"Umelala?" Inspekta alimwuliza.

"Nimelazwa, afande. Kulala kwenye saruji ni jambo jingine."

"Uji wa kikombe cha kijani aliupika nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine anaingia jikoni?"

"Hakuna. Ufunguo ulikuwa hapa shingoni mpaka mliponivua jana."

"Kwa hiyo ukiulizwa nani aliweza kutia karanga..."

"Ni mimi. Hata ningepewa mimi hiyo kazi yako ningejikamata." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Lakini sikutia."

"Uligombana na mama yake."

"Nilimwambia sufuria ya mwanawe naiosha mara mbili, kwa sifongo yake yenyewe, na asije kunikagua kucha kama mtoto wa chekechea. Walimu wanasema nilipiga kelele. Sauti yangu ndiyo hii, sina ya akiba."

Inspekta aliandika neno *jana*, akalipigia mstari. "Jana ulifanya nini ambacho juzi hukufanya?"

Mpishi alifungua mdomo ajibu haraka, kisha akaufunga. Alifikiri. Tangu aingie kituoni hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu cha kufikiria.

"Juzi niliumaliza unga wa zamani," alisema. "Jana nikafungua mfuko mpya."

"Ulitoka wapi?"

"Mashineni. Mama yake huleta mahindi aliyoyachambua na kuyaosha mwenyewe. Ijumaa mkokoteni wa msagaji unakuja kuyachukua pamoja na magunia ya shule. Jumatatu unarudi na unga. Yetu magunia, ya mtoto vifuko viwili, vimeshonwa mdomo hukohuko mashineni."

"Hicho cha pili kiko wapi?"

"Rafu ya juu, kushoto. Hakijafunguliwa."

Inspekta alisimama. Alikuwa ameshafika mlangoni mpishi alipomwita.

"Afande. Mtoto anaendeleaje? Tangu jana mnaniuliza tu, hakuna anayeniambia."

"Yuko hai. Nakwenda kumwona sasa hivi."

Shangazi Mwiko aliitikia kwa kichwa, akageuzia uso ukutani. Inspekta alifunga mlango taratibu kuliko alivyozoea.

*

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda sita na dirisha moja kubwa. Msichana alikuwa ameketi kitandani, kope bado zimevimba, anampaka mdoli wake mate usoni ili amwoshe. Mama yake, nesi alisema, alikuwa amekwenda nyumbani kubadili nguo.

"Ule uji wa jana ulikuwaje?" Inspekta aliuliza.

Mtoto aliwaza. "Mtamu."

"Kuliko wa siku zote?"

"Eeh. Shangazi Mwiko alipika vizuri." Akamgeuza mdoli, akamwosha kisogo. "Atakuja kuniona?"

Inspekta alimwambia hajui, na ilikuwa kweli.

Daktari wa watoto, yule yule aliyemfundisha Inspekta kufuta meza, alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na aliongea kama mtu ambaye kila siku hurudia jambo lile lile kwa watu wale wale. Akamkaribisha kwenye chumba chake, akamsukumia kiti kwa mguu.

"Mzio, hiyo mnayoiita aleji, si deko," alisema, "wala si ugonjwa wa kuambukiza. Mwili unakutana na karanga, unadhani umevamiwa, unajitetea kupita kiasi. Wewe vumbi linakupa chafya. Yeye karanga inamfunga koo. Ni ukoo mmoja, tofauti ni ukali."

"Kiasi gani kinatosha kumdhuru?"

"Yeye? Cha kushika ncha ya kidole."

"Na uji unachemka. Moto hauui?"

"Hauui kwa sababu karanga si mdudu. Karanga iliyochemka ni karanga."

"Kwa hiyo kwenye kikombe hakukuwa na punje."

"Punje sikuona hata moja. Ulikuwa uji laini kabisa." Alivuta droo, akatoa pakiti ya vijiti vyembamba vya karatasi. "Tulipima kwa hivi. Unachovya, unasubiri dakika kumi. Mstari mmoja, karanga hakuna. Miwili, ipo. Nina vitatu tu vilivyobaki, na ninavyokuona unavitaka vyote."

"Vyote."

"Chukua. Halafu mwulize mwalimu mkuu jambo moja kwa niaba yangu. Kila mwenye mzio kama huu huwekewa sindano ya dharura karibu, ya kuchomwa pajani mara koo linapoanza kufunga. Ndani ya dakika moja au mbili. Huyu alichomwa baada ya dakika kumi na moja. Nataka kujua sindano ilikuwa wapi." Akamtazama Inspekta kwa jicho la pembeni. "Na wewe, lile zulia la chumbani umelitoa?"

"Nimelitoa."

"Mapazia mazito?"

Inspekta aliweka vijiti mkobani, akaaga.

*

Sindano ilikuwa kwenye droo ya mwalimu mkuu. Droo ilikuwa imefungwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kutoa nakala za barua. Alikuwa mzee nadhifu, na alilieleza jambo hilo huku akizidi kuinama.

"Niliifungia ili isipotee, afande. Watoto hawa wana mikono."

"Ifungue nione."

Mwalimu mkuu alisita. Kisha akauzungusha ufunguo kama mtu anayefungua jeneza. Ndani mlikuwa na rejesta, mihuri miwili, mahali patupu palipokuwa na sindano, na nyuma kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, karanga za kukaanga nusu mfuko.

Mwalimu mkuu aliifunika bahasha kwa kiganja.

"Nazila mlango ukiwa umefungwa," alisema. "Nanawa mikono. Naapa, nanawa mpaka viwikoni. Nilipiga marufuku karanga shuleni mimi mwenyewe, barua ninayo, halafu nikashindwa. Nimezila tangu utoto wangu."

"Jana asubuhi uliingia jikoni?"

"Mimi? Yule mpishi haniruhusu kuvuka kizingiti. Nachukulia chai yangu dirishani."

Mhudumu wa usafi alithibitisha: dirishani, kila siku, na hushukuru. Inspekta aliiandika bahasha kwenye daftari lake, akaandika na habari ya droo, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba sindano ikae mahali pa wazi, ukutani, isifikiwe na watoto lakini ifikiwe na mtu mzima yeyote. Hilo lingekwenda kwa wakubwa wa elimu kwa barua ya peke yake. Mwalimu mkuu aliyasoma maandishi kinyumenyume, akazitupa karanga kwenye pipa la nje ya geti, akarudi akiwa ameloa jasho. Alikuwa mtu mzembe na mwenye haya, lakini mlango wa jikoni uliofungwa hangeupita.

Jikoni palikuwa safi mpaka paliudhi. Sufuria ndogo ilining'inia msumari wake peke yake, sifongo yake juu yake, na kikombe cha kijani kingekuwa pembeni kama hospitali isingekichukua. Debe la unga wa shule lilikuwa chini kulia. Unga wa mtoto ulikuwa rafu ya juu kushoto, umbali wa chumba kizima. Inspekta alivaa glavu, akatandika gazeti mezani, akapanga vikombe viwili vya maji.

Kijiti cha kwanza alichovya kwenye unga wa debe la shule. Akakaa, akasubiri, akahesabu vigae vya ukuta. Mstari mmoja.

Akapanda kigoda akateremsha kifuko cha pili. Kilikuwa cha kilo mbili, mdomo wake umeshonwa kwa mashine ya mkono, uzi wa buluu, mshono mmoja ulionyooka. Aliukagua kwa kioo cha kukuzia tundu kwa tundu. Uzi haukuwa umekatwa, haukuwa na fundo la pili, na kitambaa hakikuwa na tundu la ziada. Alimwita mwalimu mkuu na mhudumu wa usafi wakaukagua na wao, wakatia sahihi. Ndipo akaukata, akachota kijiko kimoja, akachovya kijiti cha pili.

Dakika kumi zilikuwa ndefu.

Mstari wa kwanza ulitokea. Halafu, polepole, wa pili.

"Kwa hiyo ni yeye," mwalimu mkuu alinong'ona.

"Kwa hiyo si yeye," Inspekta alisema. "Kifuko hiki hajawahi kukifungua. Karanga zimeingia humu kabla hakijashonwa." Akatazama saa yake. Saa sita na nusu. "Msagaji yuko wapi?"

*

Mashine ya kusaga ilikuwa kwenye kibanda cha mabati, kati ya fundi baiskeli na duka la vifaa vya umeme. Inspekta alivaa barakoa akiwa bado mbali. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi dakika hiyo hiyo, na foleni ya wanawake tisa wenye beseni na ndoo ilikuwa imesimama kimya. Walikuwa wamengoja saa tatu kwenye jua. Alitegemea wakimbilie mlangoni.

Hakuna aliyekimbia.

"Tangulia, mama," alisema aliyekuwa mbele.

"Wewe ndiye uliyewahi, dada."

"Mimi sina haraka."

"Hata mimi. Mpishe yule mwenye mtoto mgongoni."

Mwenye mtoto mgongoni alishukuru sana, akasema naye hana haraka, mtoto amelala. Mwishowe alifika kijana wa kike ambaye ilionekana hajawahi kuja pale, wakampisha wote kwa tabasamu, naye akaingia huku akiwaombea heri.

Inspekta alisimama palepale. Watu wasio na haraka hawakai juani saa tatu. Akamsogelea mwanamke mtu mzima aliyekuwa amekalia ndoo yake.

"Shikamoo, mama. Mbona mnasukumiana?"

"Marahaba." Mama alimtazama barakoa, akamtazama sare, akaona hakuna hatari. "Wa kwanza anakula unga wa jana, mwanangu. Mashine haimalizi kumeza. Kilichosagwa mwisho kinabaki ndani kwenye kona, anayefungua asubuhi ndiye anakizoa. Mwaka jana mimi nilipata mihogo kwenye mtama wangu. Nyumba nzima waligoma kula."

"Na yule binti hajui."

"Atajua leo." Mama akacheka kidogo, bila ubaya. "Sote tulijua hivyo hivyo."

Inspekta aliyaandika maneno hayo daftarini. Akavuka foleni, akaingia ndani.

Msagaji alikuwa mweupe kuanzia kope mpaka viatu. Alizima mashine alipoona sare. Inspekta alijikuta akipiga chafya tatu ndani ya barakoa kabla hajaweza kusema.

"Pole, afande. Wengi huwa hivyo humu."

"Jumatatu asubuhi nani alikuwa wa kwanza?"

"Jumatatu hakuna mabishano," alisema msagaji, na akaonekana kufurahi kuwa na jibu. "Jumatatu wa kwanza ni mahindi ya mtoto wa chekechea. Magunia ya shule nayasaga alasiri, lakini yale madogo ni ya kwanza. Agizo lile pale."

Karibu na swichi, ndani ya mfuko wa plastiki uliobandikwa kwa gundi, kulikuwa na karatasi ya mistari. Iliandikwa kwa mwandiko wa kujipinda, mzuri: *Haya yasagwe ya kwanza kabisa, kabla ya vitu vya watu wengine.* Chini palipigwa mstari mara mbili.

"Nani ameandika?"

"Mama wa mtoto. Aliileta mwenyewe, sasa ni mwezi wa tatu. Naitii kila Jumatatu."

"Alikwambia kwa nini?"

"Hapana. Nilidhani ni watu wa usafi sana. Tunao, tumewazoea."

"Alitamka neno karanga?"

"Karanga?" Msagaji alikunja uso. "Hapana. Kwani karanga zimefanyaje?"

"Jumamosi jioni mwisho kabisa ulisaga nini?"

Furaha ikamtoka usoni. Alitazama mashine kana kwamba itamsaidia kujibu. "Karanga," alisema. "Kuna akina mama wanatengeneza unga wa watoto wachanga, mashine yao imekufa, wakaniomba. Ni mara ya kwanza. Zilinitesa, zina mafuta, ziliganda kila mahali."

"Ukasafisha?"

"Nilifagia. Halafu kawaida, tangu walalamikie mihogo mwaka jana, kabla ya mteja napitisha bakuli moja la pumba ili zizoe uchafu, nazimwaga kwa kuku, japo foleni bado haiamini. Hiyo ndiyo naanza nayo kila..." Akageuka kuitazama karatasi.

"Jumatatu ulianza na nini?"

"Afande, karatasi imesema ya kwanza kabisa," alisema polepole. "Nikipitisha pumba, pumba ndiyo inakuwa ya kwanza. Kwa watu wengine napitisha. Jumatatu huwa sipitishi. Nilikuwa nafuata."

Inspekta aliomba bisibisi. Msagaji mwenyewe alifungua chujio la ndani, na kwenye kona ambayo siku mbili za mahindi hazikuwa zimeifikia palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, wenye mafuta. Kijiti cha tatu hakikuhitaji dakika kumi. Mistari ilitokea yote miwili mara moja.

"Mtoto amekufa?" msagaji aliuliza.

"Hapana."

Alikaa chini, palepale kwenye unga. Inspekta alimwandikisha maelezo yake akiwa amekaa hivyo, akamweleza karanga zilivyomfanya mtoto, na akamtaka asisage chakula cha mtoto yule tena mpaka daktari atakaposema. Msagaji alisema hatasaga hata cha kuku wa mtoto yule.

*

Saa tisa na dakika ishirini mama wa mtoto aliketi mbele ya meza ya Inspekta. Alikuwa amebadilisha nguo na hakuwa amelala. Alivaa kitambulisho cha kazi ambacho alikuwa amesahau kukivua: mpima maji, maabara ya mamlaka ya maji. Mkobani mwake ilichungulia sindano mpya ya dharura.

"Amekiri?" aliuliza.

"Bado. Kwanza nisaidie jambo la kazini kwako. Ukienda kupima maji ya bomba la mtaani, unafungua, unakinga chupa papo hapo?"

"Hapana." Alishangaa, lakini alijibu kama mtu anayeijua kazi yake. "Unayaacha yapite kwanza. Dakika mbili, tatu. Maji ya kwanza si sampuli. Yamebeba kila kilicholala ndani ya bomba usiku..."

Sauti yake ilikatika. Inspekta alitoa mfuko wa plastiki alioubandua kibandani, wenye ile karatasi ya mistari, akauweka mezani kati yao.

Mama aliutazama mwandiko wake.

"Nani alikuwa amesaga karanga?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Kikundi fulani, Jumamosi jioni. Msagaji hakujua zina madhara kwa mtu. Pumba za kusafishia hakupitisha, kwa kuwa ulimwambia yako yawe ya kwanza kabisa."

"Mahindi yale niliyachambua punje kwa punje. Niliyaosha mara tatu. Niliyaanika juu ya shuka niliyoipiga pasi." Alikuwa anaongea na karatasi. "Kisha nikayatuma yakazoe karanga."

"Kwa nini hukumwambia msagaji ni karanga?"

Mama alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Nimechoka kuchekwa, afande. Ndugu zangu wanacheka. Kazini wanacheka. Ukisema mtoto hali karanga wanakuuliza na hewa anavuta? Nikaacha kusema sababu. Nikawa naandika tu maagizo. Karatasi haichekwi."

Inspekta alimsogezea fomu ya kufuta malalamiko. Kulikuwa na mstari mmoja wa kuandika sababu. Mama aliandika akaujaza, akaendelea pembeni, akageuza akaandika na nyuma. Alipomaliza alitia sahihi na kuuliza kama kuna fomu ya mtu kujishtaki. Inspekta alimwambia haipo, na kwamba kama ingekuwepo mwalimu mkuu na msagaji wangekuwa mbele yake kwenye foleni.

Mkuu wa kituo alisoma fomu pande zote mbili. Alisoma na maelezo ya msagaji. "Kwa hiyo hakuna aliyetia," alisema.

"Kila mtu alikuwa anamlinda, Mkuu. Kila mmoja kivyake, na hakuna aliyemwambia mwenzake."

Mkuu akapiga muhuri hati ya kumwachia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Shangazi Mwiko alitolewa, akarudishiwa kitambaa cha kichwa na ufunguo. Alijifunga kitambaa bila kioo, akakikaza vizuri. Alipogeuka alimkuta mama wa mtoto amesimama katikati ya ukumbi, ameziba njia, mikono haijui pa kukaa.

"Ni mimi, shangazi," mama alisema. "Ni agizo langu lililomdhuru. Nimekulaza hapa bure. Naomba unisamehe."

Askari wa zamu aliacha kuandika.

"Sitasema hakuna neno," mpishi alisema. "Neno lipo, na mgongo wangu unalijua. Nipe siku." Akauvaa ufunguo shingoni. "Lakini na mimi nina langu. Siku ya kwanza ulipokuja jikoni kunieleza habari za karanga, nilicheka. Walimu wakacheka na mimi. Wewe ukanyamaza ukakunja karatasi zako. Nikaosha sufuria mara mbili kila siku tangu hapo, lakini sikuwahi kukuambia kwamba kile kicheko nimekirudisha."

Machozi yalimtoka mama.

"Sasa usilie, mtoto atauliza macho yamefanyaje. Twende nikamwone. Kesho tunatafuta mashine isiyosaga karanga, tunakwenda mimi na wewe, bila karatasi. Utamwambia msagaji kwa mdomo wako, kwa nguvu, foleni nzima isikie. Mimi nitasimama pembeni yako." Shangazi Mwiko alimshika mkono, akamgeuza kuelekea mlangoni. "Nimwone atakayecheka."